Norton ya Che Guevara ilifia Chile, miaka 13 kabla ya Tatu kuingia Kongo

KINDU, Maniema – Jina la TVS si geni kwa waendesha pikipiki za abiria mashariki mwa Kongo. Lakini ni wachache wanaojua kwamba tangu Aprili 2020 kampuni hiyo ya India inamiliki Norton ya Uingereza, iliyotengeneza pikipiki ya Che Guevara, mpiganaji aliyejulikana upande wa Fizi kwa jina la Tatu.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, na tangu utotoni alisumbuliwa na pumu. Mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alifunga injini ndogo ya Micron kwenye baiskeli yake na kuzunguka kaskazini mwa nchi hiyo kwa takriban kilomita 4,500. Wauzaji wa injini hiyo walifurahi hata wakaitumia picha yake kwenye tangazo la biashara. Ndiyo, Che huyo huyo aliyekuja kuupiga vita ubepari.

Norton yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa mali ya rafiki yake Alberto Granado, pikipiki ya mwaka 1939 yenye silinda moja na ujazo wa karibu sisi 500. Waliipa jina la La Poderosa, maana yake Yenye Nguvu.

Nguvu hiyo ilikuwa na historia. James Lansdowne Norton alianzisha kampuni yake Birmingham mwaka 1898 akitengeneza vipuri vya baiskeli. Mwaka 1907 Rem Fowler alishinda kundi la silinda mbili katika mashindano ya kwanza ya TT, kisiwani Man, akiendesha Norton yenye injini ya Peugeot. Katika Vita vya Pili vya Dunia kiwanda hicho kilitoa pikipiki karibu 100,000 kwa ajili ya majeshi.

Sifa hizo hazikusaidia kitu kwenye barabara za changarawe za Patagonia, watu wawili na mizigo yao juu ya chuma kilichokwisha kuchoka. Walianguka mara nyingi. Walifunga vipande kwa waya, breki zikakatika, usukani ukavunjika. Mwanzoni mwa Machi 1952 pikipiki iliingia Santiago, Chile, ikiwa imebebwa na lori, na huko ikaachwa. Filamu ya mwaka 2004 imewafanya wengi waamini kwamba Che aliizunguka Amerika Kusini yote kwa pikipiki. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari aliimaliza kwa miguu, kwa malori na kwa meli, akalala kwa watu, akawaona wachimba madini wa Chuquicamata na wagonjwa wa ukoma wa San Pablo, Peru. Huenda kama Norton ingekuwa nzima, wengi wa watu hao angewapita kwa kasi tu.

Aprili 1965, akiwa tayari ameacha uwaziri Cuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi wa Simba. Alichelewa. Kindu, ambayo Simba waliiteka Julai 1964, ilikuwa imekwisha kurudi mikononi mwa serikali tangu Novemba mwaka huo. Milimani hakukuwa na pikipiki. Aliitembea kwa miguu, akipambana na pumu na kuhara, huku viongozi wengi wa uasi wakikaa mbali na mapigano. Shambulio la Bendera, mwezi Juni, lilishindwa. Tarehe 21 Novemba aliondoka kwa kuvuka ziwa lile lile, na siku tatu baadaye Mobutu akatwaa madaraka Kinshasa.

Norton nayo ilikuwa taabani. Kampuni mama ya AMC ilianguka mwaka 1966, na wamiliki wapya wakaonyesha pikipiki mpya jijini London Septemba 1967, wakaiita Commando. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Oktoba, Che aliuawa na wanajeshi wa Bolivia katika kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39.