Maisha ya Bibi Salme, Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Wako kwetu Hirbadaw wazee ambao barua iliyoandikwa kwa mkono huikunja na kuitia ndani ya Biblia, wala hawaitupi. Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia habari za Bibi Salme wa Unguja.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Omani. Siku zile binti za jumba walifundishwa kusoma Kurani, bali kuandika walikatazwa, maana kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mwanamke aliyetaka kuwapelekea jamaa zake salamu alimwambia mtumwa, naye mtumwa akamwambia mwandishi. Na huko njiani maneno yakapunguka au yakageuka, wala siri haikuwako.

Salme hakuridhika. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia, mweupe na laini, ukawa ndio ubao wake. Akaiweka Kurani mbele yake, akaiga herufi moja moja kwa siri. Mambo yalipojulikana alilaumiwa sana, lakini hakujali.

Ujuzi ule ulimletea majuto kwanza. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumnyang'anya utawala Seyyid Majid, ndugu yao, Salme ndiye aliyeziandika barua za shauri lile, maana alijua kalamu. Naye alikuwa msichana wa miaka 15 tu. Shauri likavunjika.

Mwaka 1866 akatoka Unguja usiku kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanya biashara Mjerumani. Mwaka 1867 akabatizwa mjini Aden kwa jina la Emily, wakaoana siku ile ile, kisha wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aliumizwa na tramu, akafa. Bibi akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, na lugha yake alikuwa angali akijifunza.

Hapo ndipo ule mfupa wa ngamia ulipompa faida. Jamaa wengi walikuwa wamemkataa, lakini wale waliomkumbuka aliweza kuandikiana nao kwa mkono wake mwenyewe, pasipo mtumwa wala mwandishi katikati. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka 1886, alikiri kwamba mara nyingi alishukuru kwa kuwa alijifunza. Nasi twaamini, maana mtu aliye ugenini akiona herufi za kwao hata kabla ya kusoma moyo wake umekwisha fika nyumbani.

Ila Barghash, ambaye kwa ajili yake alijitia hatarini kwa kalamu, alikuwa Sultani tangu 1870, na hakumpokea tena. Bibi alipofika Unguja mwaka 1885, Sultani hakukubali kuonana naye.

Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Aliacha pia maandiko mengi yaliyotungwa kama barua kwa rafiki yake wa Unguja, akimweleza maisha ya Ulaya na upweke wake. Yalichapwa kwa Kiingereza mwaka 1993. Jina la rafiki yule hakulitaja.