Miyagi, kipofu aliyeipa koto ya Japani uhai mpya

Michio Miyagi alipozaliwa mjini Kobe, Japani, mnamo Aprili 7, 1894, koto ilikuwa imeanza kupoteza hadhi. Ala hiyo ndefu ya mbao yenye nyuzi 13 hulazwa, na mpigaji huvaa kucha bandia vidoleni. Kwa zaidi ya miaka 200, kuifundisha kulikuwa riziki ya vipofu waliokuwa na chama chao maalumu. Serikali ilikivunja chama hicho mwaka wa 1871, na shule mpya zikageukia muziki wa Ulaya.

Miyagi alipofuka akiwa na umri wa takriban miaka minane, akapelekwa kwa mwalimu wa koto. Miaka michache baadaye babake, aliyekuwa Korea, alijeruhiwa na majambazi. Kijana huyo alivuka bahari kumfuata, na mzigo wa kuilisha familia ukamwangukia.

Ni huko Korea alikotunga kazi yake ya kwanza mnamo 1909, akiwa na miaka 14. Nduguye mdogo alikuwa akisoma kitabu cha shule kilichoeleza jinsi maji yanavyogeuka kuwa ukungu, mvua, theluji na umande. Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani, aliisikia na kuahidi kumsaidia kufika Tokyo. Oktoba mwaka huohuo Ito aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Harbin, na ahadi ile ikafa naye. Miyagi alifika Tokyo mwaka wa 1917 kwa juhudi zake mwenyewe.

Katika jiji hilo alianza kuoanisha mitindo miwili. Aliuchunguza muziki wa Magharibi, ambamo sauti kadhaa hupangwa zikaenda pamoja, akatambua kwamba koto ilipungukiwa na sauti nzito za kuubeba wimbo. Mwaka wa 1921 alibuni koto kubwa zaidi yenye nyuzi 17. Wahafidhina walilalamika kwamba alikuwa akiharibu urithi wa mababu, lakini hakurudi nyuma.

Sifa zake zilienea kupitia Haru no Umi, yaani Bahari ya Majira ya Machipuko, aliyoitunga mwaka wa 1929 kwa ajili ya koto na shakuhachi, filimbi ya mwanzi. Milio yake ni ya Kijapani, ilhali muundo wake wa sehemu tatu, ya mwisho ikirejelea ya kwanza, ni wa Kimagharibi. Mwaka wa 1932 Renée Chemet, mpiga fidla kutoka Ufaransa, aliicheza pamoja na Miyagi, fidla ikichukua nafasi ya filimbi. Santuri yao iliuzwa hadi ng'ambo.

Miyagi alifundisha katika chuo cha muziki cha Tokyo, na pia aliandika insha zilizopendwa mno. Alfajiri ya Juni 25, 1956, akisafiri kuelekea Osaka kutumbuiza, alianguka kutoka kwenye treni karibu na Kariya. Aliaga dunia siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 62.

Kila Mwaka Mpya, Haru no Umi husikika madukani na redioni kote Japani. Wengi huichukulia kuwa muziki wa kale. Kazi iliyotungwa na mtu aliyeshutumiwa kwa kuharibu urithi imekuwa yenyewe urithi.