Tupac Shakur: mwana wa mama shujaa na nyimbo zilizowatukana wanawake

Wengi wenu mliijua sura ya Tupac Shakur kabla hamjaijua sauti yake. Ipo kwenye fulana za mitumba mnadani, ipo nyuma ya basi dogo linalopanda kijijini, na imechorwa kwenye kuta za vinyozi: kijana mwenye kitambaa kichwani, fundo kwa mbele. Alikufa mwaka 1996 akiwa na miaka 25 tu. Wazazi wa baadhi ya wanaomvaa leo walikuwa bado shuleni.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu ya swali linalorudi kila tunapopiga wimbo wake. Wapo wanaotuambia huyu ndiye mtetezi wa wanyonge, tumpige zaidi. Wapo, hasa akina mama wanaokifahamu Kiingereza, wanaotuuliza kama tunajua anachosema kuhusu wanawake. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana maisha yake yanafaa kusimuliwa taratibu.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1971 jijini New York. Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi kilichopinga ubaguzi na ukatili wa polisi, na kilichowapikia watoto maskini kifungua kinywa. Mwaka 1969 Afeni na wenzake walikamatwa New York wakidaiwa kupanga kulipua majengo. Alikuwa mjamzito wakati kesi inaendelea, na alijitetea mwenyewe mahakamani bila wakili. Mei 1971 yeye na wenzake waliachiwa kwa mashtaka yote. Mwezi uliofuata akajifungua.

Mtoto baadaye alipewa jina la Tupac Amaru, kiongozi wa wenyeji wa Peru aliyewaasi watawala wa Kihispania na kuuawa mwaka 1781. Tunaongeza jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka: mke wa kiongozi huyo, Micaela Bastidas, alikuwa mpangaji mkuu wa uasi ule na aliuawa siku ileile na mumewe. Ni jina la kiume lililobebwa na mapambano ya watu wawili.

Kwa hiyo huyu hakuwa kijana aliyekulia mahali ambapo mwanamke haonekani. Aliyemfundisha siasa alikuwa mwanamke. Mama alipomwona ametundika utukutu, alimpa gazeti asome hadi mwisho. Akiwa na miaka 12 aliigiza jukwaani Harlem. Familia ilipohamia Baltimore aliingia shule ya sanaa, akasoma tamthilia za Shakespeare, akacheza hata baleti, na hapo akapata rafiki wa kudumu, Jada Pinkett, ambaye sasa ni mwigizaji maarufu. Mwaka 1988 walihamia Marin City, California. Huko Afeni alizama kwenye dawa za kulevya, na kijana akaondoka nyumbani. Aliyemshika mkono ni mwanamke mwingine, Leila Steinberg, mwalimu wa darasa la ushairi, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wake wa kwanza.

Albamu yake ya kwanza ilitoka Novemba 1991. Ndani yake upo wimbo wa Brenda, msichana wa miaka 12 aliyepewa mimba na ndugu yake, akajifungua peke yake, akakosa pa kukimbilia, na mwisho akauawa akiwa anauza mwili. Tupac aliuandika baada ya kusoma habari ya binti wa umri huo gazetini. Hakuna mzaha ndani yake, wala hakuna kumlaumu msichana. Lawama inawaangukia ndugu na majirani wasiojali tumbo lililokuwa likikua, wakanyamaza. Sisi tunaopokea habari za mimba za utotoni kutoka vijijini mwetu tunaujua ukimya huo vizuri.

Kisha ukaja mwaka 1993, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ugomvi wote kuhusu Tupac umo ndani ya miezi kumi na miwili hiyo.

Februari mwaka huo alitoa albamu ya pili. Ndani ya albamu hiyo moja upo wimbo wa „Keep Ya Head Up”, ambao aliutoa kwa kumbukumbu ya Latasha Harlins, msichana mweusi wa miaka 15 aliyepigwa risasi na mwenye duka mjini Los Angeles mwaka 1991. Unawatia moyo akina mama wanaolea peke yao, unawakemea wanaume wanaotia mimba na kutokomea, na unauliza kwa nini mwanamume amtese aliye jinsia moja na mama yake. Lakini albamu hiyohiyo ina „I Get Around”, wimbo wa kujigamba kwa wingi wa wanawake, ambamo wanawake ni kama vituo vya basi: unashuka, unapanda, unaendelea na safari. Midundo yote miwili ni mitamu. Ukiwa hujui Kiingereza utacheza yote miwili kwa furaha ileile, na tumekuwa tukifanya hivyo kwa miaka mingi.

Wimbo wa kuwatetea wanawake ulitoka peke yake madukani Oktoba 1993. Mwezi uliofuata, Novemba, mwanamke kijana aliwaambia polisi wa New York kwamba Tupac na wanaume wengine walimdhalilisha kingono ndani ya chumba cha hoteli. Tupac alikana. Kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 30 Novemba 1994, siku moja kabla ya hukumu, alipigwa risasi kwenye jengo la studio akanusurika. Kesho yake alifika mahakamani kwenye kiti cha magurudumu. Baraza la mahakama lilimwachia kwa mashtaka mazito zaidi na yale ya silaha, likamtia hatiani kwa kumshika mwanamke yule kingono bila ridhaa yake. Februari 1995 alihukumiwa kifungo cha kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi minne na nusu.

Mashabiki wengi hulipita jambo hili haraka, wakisema alisingiziwa. Sisi hatukuwamo chumbani, na mahakama ndiyo iliyosikiliza ushahidi. Tupac mwenyewe, alipohojiwa akiwa gerezani, aliendelea kukana kwamba alimdhuru, ila alikubali kwamba hakufanya vya kutosha kumlinda mwanamke yule. Kwa mtu aliyekuwa ametoka kuimba kwamba wanaume wawalinde wanawake, hilo si dogo.

Sasa aingie mwanamke wa pili katika habari hii, ambaye mashabiki wa Tupac humjua kwa matusi tu. Cynthia Delores Tucker alizaliwa mwaka 1927. Aliandamana na Martin Luther King kutoka Selma mwaka 1965. Mwaka 1971 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa waziri wa jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1984 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kitaifa cha wanawake weusi katika siasa. Alipoanza kusikia nyimbo ambamo watoto wangejifunza kumwita mwanamke mbwa jike, alisimama mbele ya maduka ya muziki akigawa karatasi zenye maneno ya nyimbo hizo, ili wazazi wasome wanachonunua. Alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1994. Alinunua hisa za Time Warner, kampuni kubwa iliyokuwa na sehemu ya umiliki katika muziki huo, ili apate haki ya kusimama kwenye mkutano wa wanahisa na kuwauliza wakubwa uso kwa uso. Mwaka 1995 kampuni ikauza sehemu yake.

Tupac alipoteuliwa kuwania tuzo ya chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kwa uigizaji wake katika filamu ya „Poetic Justice”, Tucker alipinga. Aliona si haki kumpamba kijana mwenye kesi kama ile. Tupac hakusahau. Oktoba 1995 alitoka gerezani kwa dhamana ya dola milioni 1.4 wakati rufaa yake ikisubiri, akasaini na kampuni ya Death Row, na Februari 1996 akatoa albamu ya nyimbo 27. Katika mmoja wa nyimbo zake kubwa zaidi alimtaja Tucker kwa jina, akalitafutia jina lake kina cha tusi zito. Wimbo huo ulishika namba moja Marekani. Bibi wa karibu miaka 70, aliyeandamana kabla Tupac hajazaliwa, akawa kichekesho cha disko.

Hapa hukumu yetu tunaisema wazi: alikosea, na kosa halipungui kwa sababu mdundo ni mzuri. Mtu anaweza kumjibu mpinzani wake kwa hoja. Tupac alikuwa na hoja, na nyingine zilikuwa nzito. Aliamini Tucker na wenzake walikuwa wepesi kuwaanika vijana wa mitaani mbele ya wanasiasa wazungu, kuliko kuja mtaani kuwasaidia. Mwandishi bell hooks, mwanamke mweusi na mtetezi mkubwa wa wanawake, aliandika mwaka 1994 jambo linalokaribiana na hilo: kwamba dharau kwa wanawake haikubuniwa na vijana weusi wa rap, imo katika jamii nzima ya Marekani, na kwamba ni rahisi kuwabebesha hao vijana mzigo wote huku matajiri wanaovuna fedha wakikaa pembeni. Lakini bell hooks hakuishia kuwasamehe vijana. Alisema wanawajibika nao. Tupac alichukua nusu ya kwanza ya hoja na kuacha ya pili.

Wapo wanaodhani kwamba mtu akishapigania haki upande mmoja, pande nyingine zinakuja zenyewe. Hata chama cha mama yake hakikuwa hivyo. Elaine Brown, mwanamke aliyeongoza Black Panther kuanzia 1974 hadi 1977, aliandika kitabu cha maisha yake kinachoeleza jinsi wanaume wa chama kilekile cha ukombozi walivyowapiga na kuwadharau wanawake wa chama. Kwa hiyo Tupac alirithi vyote viwili kutoka nyumba moja, ushujaa na ugonjwa wake.

Je, alikuwa anaweza kubadilika? Upo ushahidi mmoja tunaoupenda. Mwaka 1993 alimshambulia gazetini mwanamuziki Quincy Jones kwa kuoa wanawake wazungu. Binti wa Quincy, Rashida, akamjibu kwa barua kali iliyochapishwa. Baadaye Tupac alimwomba radhi Quincy na kupendana na binti yake mwingine, Kidada, ambaye alikuwa naye mpaka siku za mwisho. Alipokutana na watu aliowatukana, akawaona kuwa ni watu, alirudi nyuma. Tucker hakubahatika kukutana naye kwa namna hiyo. Muda haukuwapo.

Tarehe 7 Septemba 1996, Las Vegas, alitoka kuangalia pambano la Mike Tyson, gari lake likamiminiwa risasi barabarani. Alifariki tarehe 13. Ilipita miaka 27 na siku kadhaa juu ndipo polisi wakamkamata mtuhumiwa, mwishoni mwa Septemba 2023, na kumfungulia mashtaka.

Tucker aliushtaki mirathi wa Tupac mwaka 1997 akidai dola milioni 10. Mahakama iliitupa kesi. Alifariki mwaka 2005. Afeni, aliyekuwa ameachana na dawa za kulevya, alisimamia kazi za mwanawe mpaka kifo chake mwaka 2016. Wimbo ambao Tupac alimtungia, „Dear Mama”, uliingizwa mwaka 2010 kwenye hifadhi ya taifa ya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Unamsifu mama yake bila kuficha kwamba alikuwa mlevi wa dawa, na kwa maoni yetu ndio wimbo wake bora.

Habari hii ina kipande kimoja kilichoishia kwetu. Baba wa ubatizo wa Tupac, Geronimo Pratt, kiongozi wa Black Panther aliyekaa gerezani miaka 27 kwa hukumu iliyokuja kutenguliwa, alihamia Tanzania baada ya kuachiwa. Aliishi Imbaseni, nje kidogo ya Arusha, na hapo ndipo alipofariki Juni 2011.

Kuhusu redio yetu, hatutaacha kupiga nyimbo za Tupac. Mwaka 2018 mamlaka hapa nchini zilifungia nyimbo kadhaa za Bongo Fleva zisipigwe, na vijana waliendelea kuzisikiliza kwenye simu zao. Wimbo wenye tusi kwa Tucker hatuupigi, kama ambavyo hatupigi tusi la Kiswahili. Nyingine tutazipiga, ila kabla ya kila mmoja mtangazaji ataeleza kwa Kiswahili wimbo unasema nini, kwa dakika moja au mbili. Tunaanza na miwili ya mwaka 1993, wa kuwatia moyo akina mama na wa kujigamba, ukifuatana mmoja baada ya mwingine. Tutumieni ujumbe mtuambie mmesikia nini.