Gar Wood: Mtoto wa nahodha wa feri aliyetawala mbio za boti

Dereva wa tipa anapovuta kishikio na bodi iliyojaa kokoto ikaanza kuinuka, ni nadra akumbuke kwamba kazi hiyo iliwahi kufanywa kwa mikono. Katika malori ya mwanzo dereva alishuka, akashika mpini wa chuma na kuuzungusha hadi jasho limtoke, huku mzigo ukipanda kidogokidogo. Aliyewaondolea madereva adha hiyo ni Garfield Arthur Wood, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa jina fupi la Gar. Hata hivyo, si malori yaliyolivumisha jina lake. Fedha alizozipata huko alizipeleka majini, kwenye boti za mbio, na tangu 1920 hadi alipostaafu mashindano hakuna taifa lililofanikiwa kumnyang'anya kombe.

Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1880 huko Mapleton, katika jimbo la Iowa. Mwezi mmoja kabla, Wamarekani walikuwa wamemchagua James Garfield kuwa Rais na Chester Arthur kuwa makamu wake, na wazazi wakampa mtoto majina ya wote wawili. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na mali kidogo. Baba yake alikuwa nahodha wa feri katika ziwa la Osakis, jimbo la Minnesota, na inasimuliwa kwamba siku moja aliposhindana na feri ya mpinzani wake, kuni zikamwishia njiani, alimwamuru kijana wake avunje viti na meza za abiria na kuvitia motoni. Feri ilishinda. Hasara ya samani haielezwi.

Wood alipofikisha miaka 30 hivi alimwona dereva wa lori la makaa akihangaika na mpini. Akabuni jeki inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, inayonyanyua bodi ya lori huku dereva amesimama pembeni. Wenye malori waliona faida mara moja, kwa kuwa gari linaloshusha mzigo haraka hurudi kuchukua mwingine mapema. Wood akawaingiza ndugu zake katika biashara, akafungua kiwanda Detroit, mji uliokuwa ukigeuka kitovu cha magari duniani, na kabla ya kufika miaka 40 alikuwa tajiri.

Mwaka 1916 alinunua Miss Detroit, boti iliyokuwa imeshinda Kombe la Dhahabu la Marekani mwaka uliotangulia. Iliundwa na Chris Smith wa Algonac, mji mdogo kando ya mto St. Clair, ambao ni mpaka wa Marekani na Kanada. Kwa Wood kumiliki boti hakukutosha. Akanunua pia sehemu kubwa ya karakana ilikotengenezwa. Smith aliendelea kumuundia boti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipojitenga na wanawe na kuanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Chris-Craft. Kazi ya uundaji ikashikwa na fundi Napoleon Lisee.

Algonac ni nchi ya baridi kali. Maji huganda, na boti haina la kufanya ila kukaa bandani miezi kadhaa ikingoja majira ya joto. Anayedhani mbio hushindwa au hushindikana siku ya mashindano hajawahi kutazama kazi ya banda hilo. Kwanza ni maji: tone lililosahaulika ndani ya injini wakati wa baridi huganda, hutanuka na kupasua chuma, kwa hiyo mifereji yote ya kupozea lazima ikaushwe kabla theluji haijaanguka. Kisha ni mbao. Boti ya mbao ikikaa nje ya maji hukauka, mbao hunywea na nyufa hufunguka. Ikishuliwa bila kulowekwa na kuachwa ivimbe, huvuja kama kikapu. Wavuvi na mafundi wa majahazi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana kalafati haijaisha sokoni.

Yapo pia mambo yasiyoonekana kwa macho. Boti inapokaa juu ya magogo umbo lake hubadilika kidogo, na ikiingia majini hubadilika tena. Fundi anayeunganisha shafti na injini bandani, akafunga boliti na kwenda kulala, atajuta: mstari uliokuwa umenyooka nchi kavu huwa umepinda chombo kinapoelea. Kazi hiyo hurudiwa boti ikiwa majini, kwa kupima nafasi nyembamba kuliko ukucha. Rafadha nayo hupigwa msasa na kusawazishwa, maana bawa moja likizidi mengine uzito, kwa kasi kubwa mtikisiko wake huvunja kila kilicho mbele yake.

Mtu aliyeaminiwa na Wood katika yote haya ni fundi Orlin Johnson. Huyu hakubaki ufukweni. Alikaa kando ya Wood katika mashindano makubwa, akisikiliza injini na kutazama saa za shinikizo la oili, huku bosi akishika usukani. Pamoja nao walikuwepo abiria wawili wa ajabu, dubu wa kuchezea waliovikwa maboya, ambao Wood hakukubali kwenda mbio bila wao. Mtu makini namna ile kwa boliti na plagi alikuwa pia mshirikina!

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali ya Marekani ilibaki na injini nyingi za ndege aina ya Liberty zisizo na kazi. Wood aliziona kwa jicho la mfanyabiashara, akazinunua kwa maelfu na kuzigeuza ziwe za majini. Mwaka 1920 alifunga mbili katika boti mpya aliyoiita Miss America, akavuka Atlantiki hadi Uingereza na kuwanyang'anya Waingereza Kombe la Harmsworth nyumbani kwao. Mwaka huohuo boti hiyo ilikimbia kilomita 120 kwa saa.

Kombe la Harmsworth lilikuwa na sharti ambalo wafanyabiashara wa mipakani wangelielewa bila kufafanuliwa: boti na injini zake lazima vitengenezwe katika nchi inayowakilishwa. Ilikuwa kama kudaiwa cheti cha uasili wa bidhaa kabla ya kuruhusiwa kushindana. Sharti hilo liliyageuza mashindano kuwa vita ya viwanda, na Detroit ilikuwa na viwanda.

Kombe la Dhahabu alilishinda mara tano mfululizo, 1917 hadi 1921, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni za injini kiasi kwamba boti zake hazikufaa tena. Mwaka 1925 alishindana na treni ya haraka kando ya mto Hudson, kutoka Albany hadi New York, akaitangulia.

Waingereza hawakukata tamaa. Sir Henry Segrave alivunja rekodi ya dunia katika ziwa Windermere mwezi Juni 1930 akiwa na Miss England II, na siku hiyohiyo boti ikapinduka na kumuua. Iliopolewa, ikatengenezwa upya na kukabidhiwa Kaye Don. Kwa hiyo mwaka 1931 boti iliyovuka bahari kwenda Detroit ilibeba pia deni la marehemu.

Mto Detroit nao ni mpaka. Upande wa pili ni Windsor, Kanada. Miaka ile pombe ilikuwa marufuku Marekani, na mto huo ulikuwa njia kuu ya magendo. Boti ziendazo kasi zilivuka usiku zikikwepa doria. Lakini mwanzoni mwa Septemba 1931 kila aliyeweza alikuja mchana, na kingo za mto zikajaa mamia ya maelfu ya watu. Katika mzunguko wa kwanza Kaye Don alishinda, jambo ambalo Wamarekani hawakulitegemea.

Kesho yake tangi la mafuta la boti ya Wood likawa linavuja. Aliomba mbio zicheleweshwe kidogo ili mafundi wamalize kulirekebisha. Hakukubaliwa. Mashindano hayo boti hazianzi zikiwa zimesimama. Huja mbio na kuvuka mstari saa ikigonga, na anayevuka zaidi ya sekunde tano kabla ya wakati huondolewa. Wood aliingia mapema mno, Don akamfuata nyuma yake, na wote wawili wakaondolewa. Kwenye kona Miss England II ilipinduka, ingawa Don na mafundi wake waliokolewa. George Wood, mdogo wake Gar, aliyekuwa nyuma na boti ya akiba, akamaliza kwa utulivu, na kombe likabaki Marekani.

Kelele zilizofuata zilidumu miaka mingi. Waingereza waliamini walitegwa makusudi, kwamba Wood alijitoa kafara akijua kaka na mdogo wana boti mbili na mgeni ana moja. Kisheria hakukuwa na kosa, kwa sababu saa ilikuwa mbele ya macho ya Don pia. Lakini bingwa wa hadhi ile, aliyeshinda miaka yote kwa ubora wa matayarisho, kubakia na kombe kwa njia hiyo lilikuwa doa, na huenda yeye mwenyewe aliliona hivyo, kwa kuwa hakutulia.

Julai 1932 Don alifikisha kilomita 192 kwa saa huko Scotland. Wood alijibu mwezi Septemba, nyumbani Algonac, na Miss America X. Ilikuwa na injini nne za Packard zenye jumla ya nguvu za farasi 6,400, zimepangwa mbilimbili kuzungusha rafadha mbili. Ilipita kilomita 200 kwa saa. Mwezi huohuo alikutana tena na Don katika Kombe la Harmsworth na kumshinda, safari hii bila lawama. Mwaka 1933 alilitetea mara ya mwisho, kisha akaacha mashindano.

Kombe lilibaki Marekani hadi 1959, lilipochukuliwa na Miss Supertest III, boti ya Kanada, kwenye mto uleule wa Detroit. Wood alikuwa na miaka 78. Alifariki tarehe 19 Juni 1971, akiwa na miaka 90.