Mfahamu Adolphe Quetelet, aliyepima miili ya watu

Bandari yetu ya Mtwara imewahi kuwa kituo cha kuhudumia meli zinazotafuta gesi kwenye kina kirefu cha bahari. Fundi anayekwenda huko huvaa jaketi okozi. Likimpwaya, akitumbukia majini linapanda hadi masikioni huku mwili ukishuka. Likimbana, halifungi. Ili kujua saizi za kuweka stoo, lazima miili ya wafanyakazi ipimwe. Mmoja wa waasisi wa kazi hiyo ni Mbelgiji Adolphe Quetelet.

Alizaliwa Februari 22, 1796 mjini Ghent. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, na angali kijana akaanza kufundisha hisabati. Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari, akahamia Brussels. Huko alipigania kujengwa kwa kituo cha kutazama nyota, akawa mkurugenzi wake.

Wanaanga wa enzi hizo walipima nyota ileile mara nyingi, kisha wakatafuta wastani. Quetelet aliipeleka hesabu hiyo kwa binadamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimweleza mtu wa wastani. Pia alilinganisha uzito wa watu wazima na urefu wao, na hapo ndipo kilipoanzia kipimo cha BMI unachokisikia zahanati.

Baadaye alichambua vipimo vya vifua vya wanajeshi 5,738 wa Scotland. Wengi walikuwa karibu na sentimita 100, lakini walikuwepo wa 84 na wa 122. Quetelet aliwaona walio mbali na wastani kama mishale iliyokosa shabaha. Hapo ndipo alipokosea. Wa 84 na wa 122 wote wana familia zinazowasubiri nyumbani.

Bahari haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1853 aliongoza mkutano wa Brussels uliokubaliana namna moja ya kurekodi hali ya hewa baharini. Kiharusi kilimpata mwaka 1855, lakini hakuacha kazi. Alifariki Februari 17, 1874.

Kazi yake inaendelea. Chuo Kikuu cha Robert Gordon, Scotland, kimepima kwa skana zaidi ya wanaume 500 wanaofanya kazi kwenye majukwaa ya mafuta na gesi. Na tangu Aprili 2015, abiria wa helikopta za majukwaa ya Uingereza mwenye mabega ya sentimita 56 au zaidi huketishwa jirani na dirisha linalomtosha kutokea.

Lakini vipimo vya Scotland havijui kifua cha kijana wa Msimbati, wala cha dada anayefanya kazi naye. Wao nao wapimwe. Na wewe msomaji wetu, uwe unakwenda kwenye kisima cha gesi au unavuka mlango wa Mto Ruvuma kwa mashua, livae jaketi, lifunge, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda, omba jingine kabla chombo hakijang'oa nanga.