Walter Scott na Mguu Uliopooza

Walter Scott alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, mwaka 1771. Alipokuwa na miezi 18 alishikwa na homa, ikadhaniwa kuwa ni ya kuota meno. Siku ya nne mguu wake wa kuume ulionekana hauna nguvu. Matabibu wa leo huona kuwa ulikuwa ugonjwa wa polio. Virusi vyake hukaa matumboni, navyo huenea kwa kinyesi na maji machafu. Watoto wengi huvipata wasione dhara lolote, bali wachache hupooza.

Akapelekwa Sandyknowe, shambani kwa babu yake. Huko alivikwa ngozi mbichi ya kondoo, dawa isiyofaa kitu. Lakini mchunga kondoo alikuwa akimchukua mlimani na kumlaza majanini kati ya kundi, na mtoto, kwa hamu ya kutembea, akajikokota, akasimama, hata mwisho akakimbia, ingawa alichechemea maisha yake yote. Shangazi yake Janet alimsomea mashairi ya vita vya kale, naye akayahifadhi moyoni. Kwayo akawa mtungaji. Kitabu chake Waverley kilitoka mwaka 1814. Mwaka 1826 alipatikana na deni kubwa mno, akaandika mfululizo ili alilipe, mpaka alipokufa mwaka 1832.