Maisha ya Mwalimu Nyerere, na Ndege Tatu Zilizoanguka Musoma

Muhula huu mwalimu wetu wa historia alituagiza sisi wa kidato cha nne tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Mimi nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wako watakaosema kwamba nimechagua njia nyepesi, kwa kuwa shule yetu iko Musoma, na Butiama si mbali, na kila mtoto wa mkoa wa Mara amekwisha kusikia habari zake kabla ya kujua kusoma. Lakini ninayo sababu ya kumchagua. Nitaieleza mwisho, maana si jambo la kujivunia.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya Nyang'ombe, mke wa tano wa Chifu. Siku aliyozaliwa mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Alipokuwa mdogo alichunga mbuzi kama watoto wengine wa kijijini, wala hakuna aliyefikiri kwamba atakuja kuwa mkuu wa nchi.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma. Ilikuwa shule ya bweni, nayo njia ya kutoka Butiama ni kama maili 26, naye aliitembea kwa miguu. Kila ninapopanda basi pale Bunda kurudi shuleni, na kulalamika kwa sababu ya vumbi na msongamano, hunijia fikira ya mtoto yule na miguu yake, nami hunyamaza.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere kule Uganda mwaka 1943. Baada ya kufundisha Tabora alikwenda Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, akasoma tangu 1949 hata 1952. Aliporudi alimwoa Mama Maria, akajijengea nyumba ya matofali Butiama kwa mikono yake mwenyewe, kisha akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu. Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mambo haya yote tumeyasoma darasani, kwa hiyo sitayarefusha.

Lakini liko jambo moja ambalo yafaa tulitazame vizuri, nalo ni habari ya jeshi. Januari 1964 askari wa jeshi lililoachwa na Waingereza waliasi, na Mwalimu alilazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza ili kuwatuliza. Yalikuwa mambo ya aibu kwa nchi changa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Baadaye Wachina walitusaidia kupata ndege za vita na kuwafundisha marubani. Basi jeshi lililoingia vitani mwaka 1978 lilikuwa na umri wa miaka 14 tu, mdogo kuliko mimi ninayeandika leo.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaiteka sehemu yote ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa, nyumba zikachomwa moto. Ndege za Amin zilikuja kutupa mabomu Bukoba na pande za Kyaka. Zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu zisiweze, mpaka adui alipokuja kulilipua kwa baruti kutoka chini. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu alilihutubia taifa kutoka Dar es Salaam, akawaeleza wananchi kwamba hapakuwa na njia nyingine ila kumpiga mvamizi, na kwamba nchi ilikuwa na haki na nguvu ya kufanya hivyo.

Sasa tazama ramani. Kagera iko magharibi ya Ziwa Victoria, nasi wa Musoma tuko mashariki. Kati yetu na Uganda ni maji matupu, wala ndege ya vita haihitaji muda mrefu kuyavuka. Kwa sababu hiyo makombora ya kutungulia ndege yaliwekwa Musoma, na askari wakakaa macho usiku na mchana wakilitazama ziwa. Juu ya maji hakuna kilima wala mnara wa kumwonyesha rubani njia, na mtu aliye chini haoni ila chombo kidogo kinachong'aa na kuja mbio. Hapati nafasi ya kuuliza huyu ni nani. Akichelewa, kama ni adui, mji wake unaungua.

Katika siku hizo za mwanzo wa vita, ndege tatu zilitokea katika anga ya Musoma. Zilikuwa ndege zetu. Lakini askari waliokaa kwenye makombora hawakuwa wamepewa habari kwamba zinakuja. Wakafyatua. Zote tatu zikaanguka.

Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, akiuza samaki Mwigobero. Likizo iliyopita nilipomwamkia na kumwuliza habari hizi, alikaa kimya kwanza, kisha akanieleza. Anasema ulisikika mshindo mkubwa, na watu wakatoka sokoni wakitazama juu. Walipoona moshi walishangilia na kupiga vigelegele, wakidhani Amin amepatikana. Yeye mwenyewe alishangilia. Baadaye, habari ya kweli ilipopenya polepole kutoka mdomo hata mdomo, watu hawakutaka tena kutazamana usoni. Babu anasema hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwamba aliwapigia makofi vijana wetu walipokuwa wakianguka.

Mimi sikuwapo, wala sidai kujua Amiri Jeshi Mkuu alihisi nini moyoni alipoletewa habari hizo. Ninaloweza kusema ni kwamba jeshi lilikuwa lake, na hasara ile ilikuwa yake, kama vile ushindi wa baadaye ulivyokuwa wake. Vita havikusimama. Wanamgambo wakaitwa, magari na mabasi yakachukuliwa kupeleka watu Kagera, na jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likazidi kwa mara tatu. Kabla mwaka haujaanza adui alikuwa amekwisha kufukuzwa katika ardhi yetu.

Ndege za upande mwingine nazo zilipotea. Askari wetu waliziangusha ndege za Amin, na tena Muamar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa rafiki wa Amin, alituma ndege kubwa ya mabomu tarehe 29 Machi 1979 kuipiga Mwanza. Mabomu yake yakaanguka katika kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa porini waliokuwa wakifugwa pale. Rubani aliyetoka mbali namna hiyo, juu ya maji na misitu asiyoijua, alishindwa kuuona mji mzima. Siku chache baadaye ndege zetu zilijibu kwa kupiga Entebbe, Kampala na Jinja. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, na Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mwezi wa Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan, na vita vikawa vimekwisha.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Nchi yetu ilikuwa maskini kabla ya vita, na baada yake ikawa na madeni na upungufu wa kila kitu. Mashujaa waliokufa wanakumbukwa kila tarehe 25 Julai, na wengi wao wamelala Kaboya, katika mkoa wa Kagera.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Jeshi lilimjengea nyumba pale Mwitongo, lakini hakuishi sana ndani yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Darasa letu lilikwenda kulizuru kaburi lake na makumbusho. Nilisimama pale nikiwaza si juu ya ushindi wa Kampala, bali juu ya ndege tatu za Musoma.

Sasa nieleze sababu niliyoahidi. Mwaka jana wezi walikuwa wakiiba nguo kwenye kamba nyuma ya mabweni, nasi wanafunzi tukawekeana zamu ya kulinda. Jumamosi moja wadogo zetu wa kidato cha pili walikuwa wamekwenda Butiama, na gari lao likaharibika njiani. Mwalimu wa zamu aliniita mimi kiranja, akaniagiza niwaambie walinzi kwamba wadogo hao watafika usiku na watapitia mlango wa nyuma. Nikaitikia ndiyo. Kisha nikapita penye redio, nikakuta mpira unatangazwa, nikasahau.

Wadogo walifika saa tano usiku. Walinzi waliona watu gizani wakija kwa nyuma, wakawatupia mawe. Mtoto mmoja alipigwa juu ya jicho, akashonwa, na alama anayo mpaka leo. Asubuhi walinzi waliitwa wakali wasio na akili, wakatakiwa kuadhibiwa. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza siku nzima, nikiwaona rafiki zangu wamesimama juani. Jioni ndipo nilipokwenda kusema kwamba kosa ni langu.

Nilimweleza babu habari hii pia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama naona tofauti kati ya mtu anayetupa jiwe na mtu aliyemnyima habari yule mtupaji. Nilifikiri sana, nikaona kwamba askari wale wa Musoma walifanya kazi waliyopewa, tena waliifanya barabara. Kilichokosekana ni maneno machache tu, yaliyotakiwa kufika kabla ya ndege.

Na hapo ndipo ninapomrudia Mwalimu. Mwaka 1977, yaani mwaka mmoja kabla ya vita, lilipotimia Azimio la Arusha miaka 10, aliandika taarifa ya kueleza si mafanikio peke yake, bali pia yaliyoshindikana. Kiongozi mwingine angeandika sifa tupu. Yeye aliona kwamba nchi isiyoambiwa makosa yake itayarudia. Kwa hiyo naona hatumvunjii heshima tukizitaja ndege tatu tunapoandika maisha yake. Tukizificha, ndipo tunapomvunjia heshima yeye na wale walioanguka nazo.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, mtakapopewa ukiranja, msidhani kwamba kazi ni filimbi na orodha ya majina. Ukiagizwa neno, lifikishe kwanza, kisha ndipo ukasikilize mpira. Na siku utakaposahau, maana sisi sote ni watu, usingoje jioni.